Jina Mgongoni mwa Dishi

Ringwani, Jumatano jioni

Robi, mama yangu,

Mambo ya blanketi, sabuni, dawa za malaria na kutokununua vyakula vya dirishani nimemwachia mama yako. Ameshayasema mara nne tangu Jumapili, na kesho kituoni atayasema mara ya tano, wewe mwitikie tu. Mimi nina jambo moja. Nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa. Juzi nilikuita uje unishikie waya, ukaja, ukashika, nikaishia kukuuliza kama umekula. Ukasema umekula. Nikakuambia haya, nenda. Mwanaume mzima na ndevu zangu!

Saa hizi wewe na mama yako mko Mugumu kumuaga shangazi yako. Nimefunga kibanda mapema, nimekaa kwenye benchi katikati ya madishi mabovu na ving'amuzi vya watu, nakuandikia kwenye karatasi nilizochana nyuma ya daftari lako la maneno. Usinikasirikie, nimechana zile tupu tu. Na mwandiko uuvumilie, mkono huu umezoea spana.

Jambo lenyewe ni hili. Mgongoni mwa lile dishi la zahanati niliandika jina langu, na aliyelishikisha signali ni wewe. Unajua wewe, najua mimi. Mwaka wa nne huu tunakula sahani moja na hakuna aliyelitaja. Kesho unakwenda Dodoma kusomea mawasiliano, na sitaki gari liondoke kabla sijalisema, maana nikinyamaza hata leo, nitakuwa nimekuibia mara mbili.

Nianzie mbali kidogo, ili uone kwamba sikukosea kwa kutojua.

Kazi hii nilifundishwa Tarime mjini na Fundi Athumani, mtu wa Tanga aliyekuja Mara kuuza redio akaoa, akabaki. Nilitoka Susuni kwa mama yangu, yule unayebeba jina lake, nikiwa sijui hata dishi linafanya nini. Nilidhani linavuta picha kama sumaku. Fundi Athumani hakuwa na shule nyingi, lakini alikuwa na vipimo vyake. Aliniambia, "Mwita, simama utazame jua linakotoka. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ipange juu ya upeo. Ngumi moja, mbili, tatu, nne, tano. Hapo kwenye ya tano ndipo penye setilaiti yako." Na kweli! Tarime nzima, Sirari, mpaka huku Serengeti, madishi yote ya televisheni yanatazama mashariki, ngumi tano juu. Nimefunga mamia kwa ngumi hizi. Wala sikuwahi kujiuliza kwa nini ni tano.

Lakini alikuwa na sheria moja ambayo hakuitania. Unajua sisi mafundi huandika jina na namba ya simu nyuma ya dishi, wengine wanaona ni tangazo la biashara. Kwa Fundi Athumani haikuwa tangazo. Alisema jina linaloandikwa ni la yule aliyekaza boliti ya mwisho, yaani yule ambaye mkononi mwake ndipo picha ilipotokea. Dishi likiharibika, mwenye jina aitwe. Likidumu, mwenye jina asifiwe. Siku ya kwanza niliposhika signali mwenyewe, kwa tajiri mmoja wa mifugo pale nje ya Tarime, yule tajiri akamgeukia Fundi Athumani kumpa mkono. Mzee akauficha mkono wake nyuma, akasema, "Si mimi, bwana. Ni huyu kijana." Kisha akanipa kalamu ya wino mzito, akanishikia ngazi, nikaandika MWITA. Herufi zilipinda zote. Nilikwenda kulala na njaa siku ile kwa furaha, nilisahau kula.

Kwa hiyo nilijua, Robi. Nilifundishwa na nilifanyiwa.

Sasa hii ya zahanati. Nitaisimulia yote ingawa ulikuwepo, kwa sababu nataka uisikie kwa sauti yangu.

Ule mradi wa afya ulileta dishi la intaneti ili wauguzi waweze kuongea na madaktari wa wilaya na kutuma taarifa bila kupanda kilimani kutafuta mtandao. Fundi wao akaugua njiani, vifaa vikafika peke yake: maboksi mawili na karatasi ya Kiingereza. Sista Wankuru, mkuu wa zahanati, akaniita mimi. Wewe ulikuwa likizo, kidato cha tatu, ukaja kunibebea mkoba.

Siku ya kwanza nilifanya kama nifanyavyo siku zote. Mashariki, ngumi tano. Kwenye mashine ya kupimia signali mistari miwili ikatokea, mmoja wa nguvu, mmoja wa ubora. Wa nguvu ukapanda mpaka themanini na kitu. Wa ubora ukalala sifuri. Nikamwambia sista, "Signali ipo, tena kali. Tatizo liko huko kwao." Ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, kama ipo kali, mbona ubora sifuri?" Nikakujibu kwamba ubora unakuja pole pole, kama maji ya bomba. Eti kama maji ya bomba! Mungu anisamehe.

Siku ya pili nikabadilisha waya. Sifuri. Nikabadilisha vichwa vya waya. Sifuri. Nikatazama mashariki nikaona mkaratusi wa mzee Chacha, nikasema huo ndio mchawi wetu. Mzee wa watu akaukata mti wake mzima kwa heshima ya zahanati, watoto wakaburuta matawi mchana kutwa. Sifuri. Mpaka leo mzee Chacha akikutana nami huniuliza, "Fundi, mti wangu ulikuwa na kosa gani?" Nami hucheka kama vile ni utani.

Siku ya tatu asubuhi ulikuwa umeshaisoma ile karatasi yote. Ukanijia nayo. Nakumbuka ulivyosimama, umeishika kwa mikono miwili kama mtu anayeleta barua ya msiba.

"Baba, hapa wameandika mwinuko ni nyuzi themanini na sita."

"Themanini na sita za nini?"

"Za kutoka upeo wa macho kwenda juu. Tisini ni utosini kabisa. Kwa ngumi zako ni karibu ngumi tisa."

Nikacheka kwa hasira. Nikakuambia, "Nani ameona dishi linalala chali? Hilo litakuwa la kukingia mvua."

Hukurudi nyuma. Ulikuwa na miaka kumi na sita na ukanisomesha hapo hapo, mbele ya kuku wa zahanati. Ukasema setilaiti zote za namna hii zimepangwa mstari mmoja juu ya ikweta. Zinazunguka pamoja na dunia kwa mwendo ule ule, ndiyo maana kwetu zinaonekana zimesimama. Ile ya televisheni iko mbali mashariki, kule juu ya bahari, ndiyo maana tunainamisha dishi kuitafuta. Lakini hii ya zahanati iko kwenye longitudo iliyo karibu na yetu, na sisi wenyewe tuko nyuzi chache tu kusini mwa ikweta. "Kwa hiyo iko juu ya vichwa vyetu, baba. Mtu wa Ulaya angeinamisha dishi lake. Sisi tunapaswa kulilaza."

Nilielewa nusu. Ile nusu niliyoelewa ndiyo iliyoniudhi. Nilikuwa fundi kabla hujazaliwa, na Sista Wankuru alikuwa dirishani. Nikakuambia, "Shika spana, unyamaze." Kisha nikaenda kula.

Nilikula ugali ule vibaya. Niliporudi nikaliona kwa mbali: dishi limelala chali juu ya nguzo yake ndefu, ile miguu yake mitatu iliyoshika jicho, kile kichwa cha kupokea mawimbi, imenyooka kwenda mbinguni. Damu ikanipanda. Nilikuja mbio mbio nikijua nakuja kukuchapa. Nikafika nikatazama mashine. Nguvu sabini na tano. Ubora sabini na mbili. Ile themanini ya siku za mwanzo ilikuwa kelele tu za setilaiti ya watu wengine, na nguvu zake zote hazikuwa zetu.

Ulikuwa umeshuka ngazi, grisi mpaka kwenye kiwiko, spana namba kumi na tatu mkononi. Ulikuwa unatabasamu tu, unaningoja.

Sista akatoka ndani anapiga makofi. "Fundi Mwita! Taa zimewaka zote! Umefanyaje?"

Nikakutazama. Nilikuona vizuri, Robi, sitadanganya kwamba sikukuona. Nikamgeukia sista nikasema, "Uzoefu tu, sista. Uzoefu tu."

Ukainama ukaanza kuokota spana na kuzipanga mkobani, ndogo kwa kubwa. Hukuinuka upesi.

Halafu wakapiga simu kutoka kituo chao kikuu, wakaanza kutaja maneno ya Kiingereza, polaraizesheni sijui nini, nikakupa simu wewe. Ukasikiliza, ukaniambia mawimbi mengine husafiri yamesimama wima na mengine yamelala, na jicho letu liko katikati, kwa hiyo tulizungushe kidogo sana. Nikazungusha kwa kidole, wewe ukisema bado, bado, bado, hapo. Yule wa kituo akasema, "Sasa tunawaona." Nilimwambia sista kwamba nimekupa simu kwa ajili ya lugha tu.

Kisha nikatoa kalamu ya wino mzito. Nikapanda, nikajipinda chini ya dishi pale juu ya ngazi, nikaandika FUNDI MWITA na namba yangu. Ngazi ulinishikia wewe.

Hapa nimeiweka kalamu chini, nikaishika tena. Sikutegemea. Nilidhani nikishaandika mistari mitatu nitamaliza.

Baada ya pale jina langu likavuma. Kwa kuwa lile dishi linatazama juu, mgongo wake unaonekana kutoka barabarani, na kila anayepita anasoma. Wakanipachika jina, Fundi wa Utosini. Waliniita kazini Issenye, waliniita na Mugumu. Mradi ukaniita nikawaonyeshe mafundi wengine, na kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, kwa nini hapa kwetu linatazama juu?" Nikamwambia, "Ndivyo lilivyo." Wakaandika kwenye madaftari yao: ndivyo lilivyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Ikaja mvua ya kwanza, mtandao ukakatika. Wewe ulikuwa bwenini. Nilihangaika siku nzima na waya, mwisho nikakupigia kwa simu ya matroni. Ulicheka! Sijawahi kusikia kicheko kizuri kama kile. "Baba, dishi limelala chali. Limejaa maji kama birika la ng'ombe. Mawimbi hayapiti vizuri kwenye maji. Toboa tundu dogo pale chini kabisa." Nikatoboa tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, maji yakanimwagikia kifuani, mtandao ukarudi. Na sista aliponiuliza, nikasema nimegundua. Ona sasa. Mara ya pili hata sikusita.

Nilijidanganya kwamba haikuumizi. Likizo ulirudi kama kawaida, ukakaa nami hapa benchini, ukafungua hili daftari, ukaanza kuniandikia maneno. Hapa ninayo. "Kupanda na kushuka: habari hutoka kwenye dishi moja kwenda juu, setilaiti inaipokea, inaigeuza frikwensi, inairudisha chini kwenye dishi lingine." "Nyayo: sehemu ya dunia ambayo setilaiti inaweza kuifikia, ukiwa nje ya nyayo, hata uwe na dishi kubwa kama nyumba, hupati kitu." "Jicho: kazi yake ni kukusanya kile kidogo ambacho dishi limekirudisha, kukikuza na kukishusha frikwensi ili kiweze kupita kwenye waya." "Dishi si la kuvuta. Ni kioo. Linapokea kilichokuja na kukipeleka mahali pamoja." Hilo la mwisho ulilipigia mstari mara mbili, kwa ajili yangu na sumaku yangu.

Nilikuwa nakusikiliza na kujiuliza huyu mtoto ametoka wapi. Mimi nilifanya kazi miaka ishirini kwa ngumi. Wewe uliichukua ngumi yangu, hukuicheka, ukaniambia, "Baba, ngumi moja ni kama nyuzi kumi, kwa hiyo Fundi Athumani alikuwa sahihi, ni hamsini." Ulimpa yule mzee heshima yake na hujawahi hata kumwona. Nakwambia kweli, nilitoka nje nikajifanya natafuta solda.

Wiki iliyopita ndipo mama yako aliponifungua macho. Alikuwa anakunja nguo zako, akasema bila kunitazama, "Unajua kwa nini mwanao aliacha kunyoosha mkono darasani?"

Nikasema sijui.

Akanisimulia. Kwamba mlipokuwa mnafundishwa mawimbi, mwalimu aliuliza nani amewahi kuona setilaiti ikitumika, ukasimama ukasema wewe ndiye uliyeshikisha dishi la zahanati ya kwenu. Na mwalimu alikuwa amepita njia hii. Akakuambia mbele ya wote kwamba yeye amelisoma jina lililo pale kwa macho yake, na kwamba mtoto mzuri haibi kazi ya baba yake. Darasa likacheka. Wakakuita Fundi Hewa mpaka mnamaliza kidato cha nne.

Nikamuuliza mama yako, "Mbona hakuniambia?"

"Akuambie nini? Mwenye jina si wewe?"

Robi, mtoto mzuri haibi kazi ya baba yake. Sentensi hiyo nairudia kila niinuapo spana. Sijalala vizuri tangu siku ile, na mama yako ananiona, ananiacha tu nigeuke geuke.

Na bado ulisoma. Hapo ndipo unaponishinda kabisa. Mimi ningeichukia kazi hii na kila mwenye kuifanya. Wewe ulinyamaza, ukaendelea kusoma mambo yale yale yaliyokuaibisha, ukayapasua kidato cha nne, ukayapasua cha sita, na kila likizo ukarudi kumfundisha yule yule aliyekuibia. Nimewahi kuona watu wenye nguvu, nimekulia kati yao, watu wa kukabili simba kwa mkuki wakilinda ng'ombe. Sijaona mwenye moyo kama wako. Na sikuambii hivi kwa kuwa unaondoka. Nakuambia kwa kuwa ni kweli na nilichelewa. Uliniandikia humu kwamba maneno yakipita kwenye setilaiti hizi za juu huchelewa kidogo, karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, kwa sababu ya umbali. Hili langu limechelewa miaka minne, na setilaiti haina lawama.

Kwetu, unajua, baba hamuombi binti msamaha. Baba akikosa, ananunua kuku, anachinjwa, mnakula, yameisha. Ndiyo maana Jumapili ulishangaa kuona kuku na si sikukuu. Ulikula, ukasema asante. Mimi nikabaki naona kwamba kuku hajasema kitu.

Basi leo asubuhi, mlipoondoka tu kwenda Mugumu, nilichukua petroli kwenye chupa, kitambaa, kopo la rangi nyeusi na brashi. Nikabeba ngazi begani mpaka zahanati. Kumbe ni siku ya kliniki! Akina mama wamejaa kwenye mabenchi na watoto wao, na mzee Chacha yupo, amekuja kupima presha. Nilitaka kurudi. Nilisimama pale getini na ngazi yangu kama mwizi aliyekuja mchana. Mtu akasema, "Fundi wa Utosini amekuja, mtandao umekufa tena?"

Nikasema haujafa. Nikaegemeza ngazi, nikapanda, nikaanza kusugua jina langu. Lilikuwa limekaa sana, halikutoka upesi. Petroli ilinichuruzikia mpaka kwapani. Nilipomaliza nikageuka huko huko juu, sikutaka kushuka kwanza maana nilijua nikishuka nitapunguza maneno. Nikawaambia yote. Kwamba mimi nililielekeza siku tatu mashariki. Kwamba mti wa mzee Chacha ulikatwa bure. Kwamba mwanangu aliniambia utosini, nikamfukuza, akalishikisha nikiwa nakula, na mimi nikasema uzoefu. Na lile tundu la maji, ni yeye.

Mzee Chacha ndiye wa kwanza kuongea. "Mura, kwa hiyo mti wangu haukuwa na kosa."

"Haukuwa na kosa, mzee."

"Nilijua," akasema, akarudi kukaa. Kesho kutwa nampelekea miche.

Mama mmoja akacheka, akasema, "Sasa televisheni zikiharibika tukuite wewe au tumngoje mtoto?" Wakacheka wote. Na huenda watamngoja mtoto kweli, sijui. Hilo nililifikiria usiku wote uliopita, kwamba ndiyo riziki yetu, na ada yako ya chuo inatoka humo humo. Nikaona afadhali nipoteze wateja.

Sista Wankuru hakucheka. Alikuja mpaka chini ya ngazi akaninong'oneza, "Nilimwona, Mwita. Siku ile nilikuwa dirishani, nilimwona anavyolilaza."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Ningekuaibisha, ungerudi kulitengeneza likiharibika? Nilikuwa na wagonjwa." Akatazama pembeni. "Lakini yule mtoto nilipaswa kumwambia. Mwambie nami nilikaa kimya." Basi nimekuambia.

Mwalimu wako alishahamishwa. Namba yake nimeipata kwa dereva mmoja, nimepiga mara mbili, hapokei. Nitapiga mpaka apokee. Sitaki akuombe radhi kwa simu, nataka tu ajue ni nani aliyemdanganya. Ni lile jina alilolisoma.

Sikupi mawaidha, huko unakokwenda utakuta wenye akili kunishinda mimi na wenye kiburi kunishinda pia, ingawa hao wa pili watakuwa wachache. Ila nakuomba jambo moja kama mtu aliyelifanya. Siku ukilaza dishi na mkubwa fulani akasema ni uzoefu wake, usiiname kuokota spana. Simama hapo hapo. Mtazame. Mimi ungenitazama sekunde tano zaidi siku ile, nadhani ningesema. Si kosa lako kwamba hukunitazama, nakuambia tu jinsi tulivyo dhaifu watu wa aina yangu. Na siku msichana mdogo akija kwako na karatasi ameishika kwa mikono miwili, acha ugali upoe.

Barua hii nitaizungushia ile spana namba kumi na tatu. Ilikuwa ya Fundi Athumani, alinipa siku naondoka Tarime, meno yake yamelika kidogo lakini inashika. Nitakupa asubuhi kituoni. Soma pale pale ukiwa umeshakaa kwenye gari, halijai upesi, utaimaliza. Sitakuwa karibu na dirisha, usinitafute, nitakuwa kule kwa wauza mahindi najifanya naongea na mtu.

Ukae upande wa kushoto. Mama yako atasema ukae kulia kwa sababu ya jua, usimsikilize hilo moja tu. Gari likiteremka kutoka kituoni litapita zahanati, na dereva hupunguza mwendo pale kwenye tuta. Tazama juu, mgongoni mwa dishi. Rangi itakuwa imekauka. Herufi zimepinda kama zile zangu za kwanza, kwa sababu hakuna aliyenishikia ngazi. Pameandikwa FUNDI ROBI. Hapana "binti Mwita," hapana kingine.

Namba ya simu niliyoweka ni yangu, maana wewe utakuwa darasani. Likiharibika wataniita mimi, nami nitakupigia wewe, utaniambia la kufanya. Nikishamaliza, sista akitoka kuniuliza nimefanyaje, nitamwambia nimekupigia.

Baba yako,
Mwita